Injini Iliyoshinda Mbio Ikaishia Fukayosi

Vijana wa gereji mmenisumbua tangu siku nilipowakabidhi ufunguo wa kabati la spana: Mzee Omari, andika, andika. Nimekubali kwa sharti moja. Habari za nani alipandishwa kuwa nani, na nani alilipwa kiasi gani, mtazitafuta kwingine. Mimi nitaandika habari za gari moja tu, jekundu, la Kitaliano, ambalo nusu yenu mmelisikia na nusu ya mliyoyasikia ni uongo niliousambaza mwenyewe.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sitini nikiwa na umri wa miaka ishirini na ndevu sita. Gereji ilikuwa ya Fundi Mbaraka, hapahapa Bagamoyo. Alikuwa mtu mfupi wa Kaole, aliyejifunza ufundi kwenye malori ya jeshi wakati wa vita vya Wazungu, na masikio yake ndiyo yaliyokuwa vipimo vyake. Huweka ncha ya bisibisi kwenye bloku, mpini kwenye sikio, akafumba macho, kisha akasema, "Silinda ya tatu inakohoa." Ukifungua silinda ya tatu, kweli inakohoa. Neno kubwa alilonifundisha ni kwamba injini haisemi uongo. Anayesema uongo ni mwenye gari. Kuhusu fundi hakusema kitu, nami sikuuliza.

Siku yangu ya kwanza kazini ndiyo siku niliyoliona gari lile. Mwenyewe alikuwa Bwana Stavro, Mgiriki, meneja wa shamba la mkonge. Lilikuwa la viti viwili, halina paa, na lilikuwa chini mno hata ukikaa ndani makalio yako na barabara ni majirani. Bwana Stavro alisema magari ya aina hiyo yalitengenezwa machache sana, na kwamba katika Afrika Mashariki yote lilikuwa hilo moja. Fundi Mbaraka akasema hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Mimi niliambiwa nilioshe ndani na nje. Nikatafuta kitasa cha mlango kwa nusu saa nzima nisikione, maana kilikuwa upande wa ndani, nikaliosha lote kwa kuning'inia juu yake kama nguo kwenye kamba.

Gari lile halikutaka mafuta ya injini ya kawaida. Siku za mbio lilitaka mafuta ya nyonyo, yaleyale ambayo mama zetu walitunywesha tumbo likifunga. Nilitumwa kwenye duka la dawa nikanunua chupa zote zilizokuwapo. Mwenye duka akanitazama, akauliza kwa huruma huko shambani kwa Mgiriki kumeingia maradhi gani. Nikamwambia ni mgonjwa mmoja tu, lakini mkubwa. Akaniombea dua.

Sasa niwaambie ukweli wa mbio zenyewe, kwa sababu barazani mtasikia kwamba gari lile halikushindwa hata mara moja. Lilishindana mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa mbio za kupanda kilima upande wa Lugoba, kwenye vumbi. Njiani mpira wa rejeta ukapasuka. Fundi Mbaraka akakata mpira wa ndani wa baiskeli ya mtazamaji mmoja, kwa idhini aliyoiomba baada ya kuukata, akaufunga kwa kamba ya katani, na gari likamaliza la pili. Yalikuwa magari mawili.

Mara ya pili ndipo liliposhinda. Mbio zilikuwa kwenye uwanja mkongwe wa ndege nje ya Dar es Salaam, na zilikuwa na kona nyingi. Bwana Stavro aligundua kwamba kwenye kona za upande mmoja gari linanyanyua tairi, akasema anahitaji uzito kwenye kiti cha pili. Fundi Mbaraka akanionyesha kwa kidole. Nikawekwa kitini, nikapakatishwa gunia la mchanga, nikafungwa kwa kamba pamoja nalo. Bendera ilipoanguka nikafumba macho nikasoma Ayatul Kursi, na nilipoyafumbua watu walikuwa wanashangilia. Kwa hiyo ni kweli kwamba nilishinda mashindano yale, ila sikuyaona.

Mara ya tatu liliingia mtaroni karibu na Kaole likakumbatia mnazi. Nazi zilizoanguka ziliwaua abiria wengi ambao hawakuwapo. Kila anayehadithia huongeza wawili. Kilichokufa ni taa ya kushoto.

Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, Bwana Stavro alirudi kwao. Gari alimwachia Seif bin Nassor, mfanyabiashara wa mbata, mtu wa ukoo wa Kiomani ambao umekaa Bagamoyo tangu babu wa babu yake. Alikuwa mtu mzito, mpole, mwenye kanzu isiyokunjamana. Alilipenda gari lile kupita kiasi, kwa sharti kwamba lisikimbie. Akipitwa na baiskeli barabarani huitikia salamu kwa utulivu. Tatizo ni kwamba injini ya mbio haijui kutambaa. Ukiiendesha polepole huchemka, plagi huziba, kisha huruka mbele ghafla na kilemba cha Seif hubaki nyuma.

Akaja gerejini amekasirika, kwa kiasi alichojua kukasirika.

"Omari, mimi nakwenda msikitini, siendi vitani. Nitulizie injini hii."

"Nitaituliza, Bwana Seif."

Wakati huo Fundi Mbaraka alikuwa ameshakwenda mbele ya haki, gereji iko mikononi mwangu, na plagi za injini ile hazikupatikana tena hata kwa kupiga ramli. Nyuma ya gereji nilikuwa na injini ndogo ya kigari cha kubebea mkate, nzima, yenye tabia njema. Nikatengeneza mikono mipya ya chuma ya kushikilia injini, nikaitoa ile ya mbio, nikaipandisha ya mkate. Boneti ilikuwa na kufuli, na ufunguo nikabaki nao mimi. Nikamwambia Seif kwamba injini nimeituliza. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Ilikuwa imelala chini ya magunia haina hata pumzi.

Nilikusudia kumwambia. Naapa nilikusudia. Lakini jioni ileile alilipeleka gari mbele ya baraza yao, akaligonga boneti kwa kiganja, akawaambia wenzake, "Humu ndani mna injini iliyowashinda Wazungu." Akanigeukia. "Si ndiyo, Omari?" Nikaitika, nikanywa kahawa ya moto kwa haraka mpaka ulimi ukaungua. Kuanzia hapo kila siku iliyopita ukweli ulizidi kuwa mzito kuubeba, na mimi nilizidi kuwa mvivu.

Nyinyi mnaijua desturi yetu ya azima. Gari likilala gerejini, kifaa chake kizima huazimwa kikatembeze jingine, kwa ahadi ya kurudishwa. Desturi hii imeokoa magari mengi na kuua urafiki mwingi. Basi siku moja walikuja kina mama wa kijiji cha Fukayosi, wakiongozwa na Mwanahamisi, Mkwere mmoja mrefu asiyecheka ovyo. Walikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na injini yake ilikuwa imekufa. Walikuwa wamerudi kwenye kinu na mchi, na kila mmoja alinionyesha viganja. Nikafikiria injini iliyo chini ya magunia. Nikawaambia nitawaazima moja kwa wiki moja.

Kuifunga kule kulinichukua siku tatu. Niliiwekea gasketi nene kwenye hedi ili ipunguze hasira, kabureta moja badala ya mbili, na mkanda mrefu wa kuzungusha jiwe. Ikakubali hata plagi za matrekta, kitu ambacho kwa Bwana Stavro kingekuwa matusi. Ilipowaka mara ya kwanza kuku wa Fukayosi walihama kwa siku mbili. Unga ulitoka laini kama wa maandazi, na wa moto. Wiki ikaisha, sikwenda. Mwezi ukaisha. Mwaka ukaisha, na injini iliyowashinda Wazungu ikawa inasaga dona.

Seif alipoanza kuumwa mgongo akaacha kuendesha. Gari akampa hiba mkewe, Bi Zuwena, na likawekwa ndani ya bohari ya mbata chini ya jamvi. Kisha akafariki, Mungu amrehemu. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake, na sikumbuki kama niliwahi kubeba kitu kizito vile. Nilijua alizikwa pamoja na uongo wangu.

Eda ilipokwisha akatokea Bwana Renato, Mtaliano, mhandisi wa barabara. Alikuwa na kitabu chenye namba za magari yote ya aina ile, na moja lilikuwa halijulikani lilipo. Alipofunuliwa jamvi alilizunguka gari mara tatu, akapiga magoti mbele ya taa, akasoma namba kwenye kibati cha ndani, akakibusu kitabu. Boneti alikuta imefungwa. Bi Zuwena akamwambia ufunguo uko kwa fundi, na kwamba arudi Alhamisi baada ya alasiri, kasoro zitajwe.

Hapa lazima nieleze. Katika familia zile za mji mkongwe, hakikuuzwa kitu, kiwe jahazi, nyumba au gunia la mbata, mpaka anayekijua zaidi asimame mbele ya mashahidi wawili akitaje kasoro zake zote kwa sauti. Iliyotajwa mnunuzi ameikubali. Iliyofichwa muuzaji atakutana nayo Kiyama. Nami nikaitwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, Omari. Gari limepata mtu. Marehemu amekufa hajahiji, nami nataka thamani yake imhijie, aende mtu kwa niaba yake. Fedha ya hija haitaki doa. Alhamisi utakuja utaje kasoro zote, ndogo na kubwa."

"Zote, Bi?"

"Kwani zipo unazozipenda?"

Jumatano nilipanda lori la mkaa hadi Fukayosi na mfuko wa spana. Mpango ulikuwa mwepesi: naifungua injini, naipakia, usiku wake inarudi ndani ya gari, na Alhamisi natembea kifua mbele. Nilikuta foleni ya wanawake imezunguka kibanda. Mwanahamisi aliuona mfuko wangu, akauelewa. Akapunguza injini ili tusikilizane.

"Fundi, wiki yako imeisha?"

Nilitazama foleni. Mmoja alikuwa mjamzito na gunia nusu kichwani, mwingine bibi kizee aliyekaa chini ameegemea debe lake, wote wakinisubiri mimi. Niliona haya. Niliona haya kwao, na nikiwaza Alhamisi niliogopa kwelikweli, maana hija ya mtu ilikuwa inaning'inia kwenye boliti nane na mkono wangu.

"Nimekuja kuangalia mafuta," nikasema. Nikaongeza mafuta, nikarudi na lori lilelile.

Alhamisi ikafika. Gari lilikuwa limesukumwa nje ya bohari, mashahidi wawili wamekaa kwenye viti, Bi Zuwena nyuma ya pazia la mlango, Bwana Renato na daftari. Mimi nilijikalisha juu ya boneti, kwa mazoea, niseme hivyo. Nikaanza na kasoro ndogo nikitumaini jua litazama kabla sijafika penyewe. Taa ya kushoto ni ya trekta. Kiti kimejazwa usumba wa nazi. Gasketi ya tangi la petroli ni soli ya kiatu. Sakafu upande wa pili ni bati la debe la samli, na ukichungulia utasoma maandishi. Nyaya za breki zimefungwa kwa uzi wa kuvulia. Usukani una ufa uliozibwa kwa gundi ya seremala. Kila kasoro ilimzidishia Bwana Renato furaha. Alikuwa anaandika huku akisema, "Bellissimo, endelea, wewe fundi kweli." Nikataja ishirini na moja. Nikataja hata ndege aliyewahi kutaga kwenye ekzosi.

"Umemaliza?" ikauliza sauti ya Bi Zuwena.

"Nimemaliza, Bi."

"Na hilo ulilolikalia je?"

Mashahidi wakanyanyua macho.

"Omari. Mficha uchi hazai."

Nikashuka. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikampa Bwana Renato, na kabla hajafungua nikasema kwa sauti, kama desturi inavyotaka, kwamba injini iliyomo si yake, ni ya kigari cha mkate. Kwamba niliibadilisha mimi. Kwamba ya kweli iko Fukayosi inasaga mahindi. Na kwamba mwenye gari hakuambiwa. Bwana Renato akafungua boneti, akatazama, akasema neno la Kitaliano ambalo shahidi mmoja aliomba lisitafsiriwe.

Bi Zuwena aliuliza jambo moja tu.

"Ulimwacha akijisifu barazani miaka yote ile?"

"Ndiyo, Bi."

Angenitukana ningeona nafuu. Nimewahi kuangukiwa na giaboksi mguuni, na swali lile liliuma zaidi.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Fukayosi sote katika gari la kazi la Bwana Renato: yeye, mimi, Bi Zuwena na buibui lake, na mashahidi wawili waliosema hawawezi kushuhudia nusu. Injini ilikuwa inafanya kazi. Bwana Renato akafuta unga kwenye bloku kwa leso yake, akasoma namba, akalinganisha na kitabu. Ndiyo yenyewe. Nikampa bisibisi nikamwonyesha jinsi ya kuweka sikio. Alisikiliza ameinama hivyo mpaka debe zima likasagika, na alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Labda ni unga.

"Mimi taka hii injini," alimwambia Bi Zuwena. "Mimi leta mpya, ya dizeli, nzuri sana."

Mwanahamisi akamuuliza itafika lini. Bwana Renato, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akahesabu meli, bandari na vibali kwa vidole, vidole vikaisha.

"Na mpaka ifike?" Mwanahamisi akauliza, akamkunjulia viganja vyake. Havikuwa vimesahau mchi.

Bi Zuwena alikuwa amesimama karibu na jiwe, buibui limeanza kuwa jeupe. Alichota unga kidogo akausugua baina ya vidole.

"Mnasaga hapa tangu lini?"

"Huu mwaka wa nne, mama."

"Na mkisaga, mnamwombea nani?"

"Tunamwombea fundi," akasema Mwanahamisi. "Kila siku. Ndiye aliyetupa."

Nilitamani kuingia ndani ya jiwe nikasagwa. Bi Zuwena akanitazama, na kwa mara ya kwanza toka Alhamisi nikaona kitu kinachezacheza pembeni mwa mdomo wake.

"Basi kuanzia leo badilisheni jina," akasema. "Mashahidi, mnasikia? Injini hii ni yangu, na nimeiweka wakfu kwa ajili ya Seif bin Nassor. Haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Inasagia watu wa hapa, na dua ni zake. Na msimamizi wa wakfu huu, wa kuitengeneza bila ujira, ni huyu hapa anayeangalia chini."

Mashahidi wakasema wamesikia. Bwana Renato alieleweshwa neno wakfu mara mbili, ya pili polepole. Akavua kofia. Gari alilinunua vilevile, na injini ya mkate ndani, kwa bei ya gari lisilo na moyo wake. Fedha ile haikutosha kumpeleka mtu kutoka Bagamoyo, lakini ilimtosha binamu wa marehemu aliyekuwa akiishi Jidda, mtu aliyekwisha hiji mwenyewe, na mwaka uleule akahiji kwa jina la Seif. Marehemu akapata hija na wakfu kwa gari moja. Mimi niliyefungua boliti nikapata kazi.

Nilidhani kwa Bi Zuwena sitakanyaga tena. Wiki iliyofuata akaja mtumishi wake gerejini na cherehani mbovu, na maagizo: asimame palepale mpaka nimalize, asikubali soda, na azihesabu skrubu zake zinapotoka na zinaporudi. Nilifurahi nusura nimkumbatie mtumishi. Aliendelea kuniletea vitu vyake mpaka alipofariki, na kila kimoja kilikuja na mtu wa kuhesabu.

Sasa mnaniuliza kwa nini bado naazima spana kwenu kila Jumamosi na kupanda gari la Fukayosi, wakati mmenifanyia sherehe na kunipa saa ya ukutani. Kina mama wana dizeli siku hizi, lakini siku mbili kwa wiki huwasha ile ya zamani ili dua isikatike, nami nimeichonga, nimeichomelea na kuibadilisha pistoni mpaka Bwana Renato asingeitambua ila kwa namba. Mwanahamisi, naye mzee sasa, husimama nyuma yangu na kuniuliza kama wiki yangu imeisha. Gerejini niliwaandikia barua ya kustaafu mkaipokea. Kule, aliyeniajiri amekwisha kufa, anayefanyiwa kazi alikufa kabla yake, na sijui hiyo barua ningeiandikia nani.